Kufungua maneno ya Kiingereza kwa mizizi ya Kilatini

Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa amesoma Sayansi kwa Kiswahili. Miezi michache baadaye yuko kidato cha kwanza na kitabu chake cha Biolojia kimejaa maneno ya silabi tano. Karani mpya wa forodha bandarini naye anakutana na maneno ya aina hiyohiyo kwenye fomu. Dawa ambayo wengi huijaribu kwanza ni kukariri orodha: maneno 20 leo, mengine 20 kesho. Inasaidia kwa siku chache, kisha maneno yanaanza kuchanganyikana kwa sababu kila moja lilihifadhiwa peke yake, bila ndugu zake.

Kwa njia ya mizizi unajifunza ukoo mzima kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo kwenye kamusi ya Kiingereza yametoka Kilatini, ama moja kwa moja ama kupitia Kifaransa. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 waliingiza Kifaransa mahakamani na kwenye utawala, na karne kadhaa baadaye wasomi wakaenda kuchota Kilatini chenyewe kwa ajili ya vitabu vyao. Ndiyo maana maneno ya Kilatini yamejaa kwenye sheria, kodi, elimu na tiba, wakati maneno ya jikoni na ya mtaani, kama get, put, house na water, yana asili ya Kijerumani, yaani ukoo wa lugha uliokizaa Kiingereza chenyewe. Kama shida yako ni kupiga soga na watalii, mizizi haitakusaidia sana. Kama shida yako ni mtihani, mkataba au barua ya ofisi, ni njia ya mkato halali kabisa.

Na msemaji wa Kiswahili ana mtaji tayari. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba mwandishi, maandishi, mwandiko na andikisha ni watoto wa -andik-. Kazi ni kuuhamishia ujuzi huo kwenye Kiingereza.

Vifaa

Nunua kaunta buku moja, na karatasi moja au mbili za manila ukate kadi zenye ukubwa wa kadi ya benki. Vyote vinapatikana stesheneri yoyote. Cha tatu ni kamusi inayoonyesha asili ya neno, na hapo ndipo watu hukosea, kwa sababu kamusi nyingi ndogo za mfukoni hazina sehemu hiyo. Kabla ya kulipa, fungua neno transport. Mwisho wa maelezo, mara nyingi ndani ya mabano ya mraba, utafute alama ya L au Lat. Hiyo ni Kilatini. Gk ni Kigiriki, na OE ni Kiingereza cha kale. Usipoiona, rudisha kamusi rafuni. Kwenye simu, andika neno lako likifuatiwa na etymology na utapata jibu lilelile. Asiye na bando anaweza kwenda Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, Barabara ya Bibi Titi Mohammed.

Viambishi awali kwanza, mizizi baadaye

Watu wengi huanza na mizizi na kukwama. Anza na vipande vya mbele, kwa sababu ni vichache na vinajirudia kila mahali. Hivi 12 vinatosha kwa wiki mbili za mwanzo:

re- ni kurudi au tena. Ex- au e- ni nje. In- ni ndani, na mara nyingine ni kukanusha. Con- ni pamoja. De- ni kushusha au kuondoa. Pro- ni mbele. Pre- ni kabla. Sub- ni chini ya. Trans- ni kuvuka. Inter- ni baina ya. Ad- ni kuelekea. Dis- ni kutenganisha.

Ugumu ni kwamba vinabadili sura. Con- hutokea ikiwa com-, col- au cor-. Ad- ina sura nyingi zaidi: ac-, af-, ag-, al-, an-, ap-, ar-, as-, at-. Ukiziona kama vitu tisa tofauti utachoka. Zione kama unavyoliona umbo la nyumba ndefu na nyumba mbaya: kiambishi ni kilekile N-, ila mbele ya b kimekuwa m, na mbele ya r kimeigeuza r ikawa d, kwa sababu ulimi umetafuta njia rahisi. Warumi nao walikuwa na ndimi. In- mbele ya p ikawa im- katika import na impossible, mbele ya l ikawa il- katika illegal, mbele ya r ikawa ir- katika irregular.

Faida yake utaiona kwenye tahajia. Zile herufi mbilimbili za Kiingereza zinazowatesa watu mara nyingi ni mahali ambapo kiambishi kimejifananisha na mzizi. Chukua neno ambalo hukosewa hata kwenye mabango ya gesti: accommodation. Ndani yake kuna ad-, kisha com-, kisha mod-. Ad- imekuwa ac- kwa sababu inafuatwa na c, basi c ni mbili. Com- inaishia na m na mod- inaanza na m, basi m ni mbili. Hutalikosea tena, na hukukariri chochote. Vivyo hivyo correct ni cor- na rect, collect ni col- na lect, attract ni at- na tract.

Mizizi ina sura mbili

Kila kadi ya mzizi iandike kwa sura mbili upande wa mbele, pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Kitenzi cha Kilatini kilikuwa na umbo moja la kutenda na jingine la kitu kilichotendwa, na Kiingereza kilibeba yote mawili. Ukijua moja tu, nusu ya ukoo inapotea.

Anza na hii kumi: scrib/script, kuandika, duc/duct, kuongoza, mit/miss, kutuma, pon/posit, kuweka, vert/vers, kugeuza, vid/vis, kuona, ced/cess, kwenda au kuachia, ceive/cept, kuchukua au kupokea, na miwili yenye sura moja, port, kubeba, na tract, kuvuta.

Kanuni ya kuandika kwa wino mwekundu kwenye kaunta buku ni hii: neno linaloishia na -ion, -or au -ive karibu daima huchukua sura ya pili. Describe inazaa description. Receive inazaa reception. Permit inazaa permission. Mabadiliko haya hayapaswi kumshangaza anayesema fuata akapata mfuasi, linda akapata mlinzi, andika akapata mwandishi. T imekuwa s katika permission kama ilivyokuwa s katika mfuasi.

Nyuma ya kadi andika maneno manne, yakiwa yamegawanywa kwa mkwaju (/), na sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Kwa duc/duct ingekuwa hivi: pro/duce, kuleta mbele, yaani kuzalisha, re/duce, kurudisha nyuma, yaani kupunguza, de/duct, kuondoa, na ndiyo yale makato yanayoitwa deductions kwenye hati ya mshahara, con/duct/or, anayeongoza pamoja na wengine, ambaye kwenye daladala zetu amebaki kuwa konda. Sentensi iwe ya maisha yako: The conductor reduced the fare, ingawa sentensi hiyo ni adimu kutokea kweli.

Maneno manne yanatosha. Ukiandika kumi, kadi inageuka orodha na umerudi ulikotoka.

Zoezi la kwanza: risiti

Usiende mbali kutafuta kitabu cha mazoezi. Chukua risiti ya mashine ya EFD uliyopewa dukani Kariakoo au kituo cha mafuta, na kalamu.

Juu imeandikwa START OF LEGAL RECEIPT. Start na of ni maneno ya Kijerumani, yaruke. Legal ina leg-, kutoka lex, sheria, na umbo lake jingine ni legis. Hapohapo unapata illegal, legalize, legislation na legislator. Receipt ni re- na ile cept ya kupokea. Herufi p haitamkwi, na wengi huisahau wanapoandika. Ukikumbuka kwamba receipt ni ndugu wa reception, p inarudi yenyewe. Mbinu hii pia inaponya debt, ambayo b yake inasikika katika debit, na doubt, ambayo b yake inasikika katika dubious.

Katikati kuna mistari miwili, TOTAL EXCL OF TAX na TOTAL INCL OF TAX. Ni kifupi cha exclusive na inclusive. Mzizi ni clud/clus, kufunga. Jumla ya kwanza kodi imefungiwa nje, ya pili kodi imefungiwa ndani. Ongeza con-, upate conclude, kufunga pamoja, yaani kuhitimisha. Sasa jaribu mwenyewe kutengeneza majina ya vitenzi exclude, include na conclude kwa ile kanuni ya wino mwekundu: exclusion, inclusion, conclusion. Kanuni imeshika.

Chini kabisa kuna maneno RECEIPT VERIFICATION CODE. Ver- ni kweli, na fic- ni sura ya facere, kufanya. Verify ni kufanya jambo lijulikane kuwa kweli. Ukishaiona -fy kwa jicho hilo, clarify, simplify na notify zinafunguka, na majina yake yote yanaishia -fication.

Karatasi moja ya kutupwa imekupa mizizi minne na zaidi ya maneno kumi. Baada ya risiti, nenda kwenye mabango. DART ni Dar es Salaam Rapid Transit: trans- na it, kwenda, kuvuka kutoka upande hadi upande. Magari ya IT yanayoshushwa bandarini na kuendeshwa hadi mpakani yanaitwa hivyo kwa sababu yako in transit, yanapita tu. It hiyohiyo iko kwenye exit, juu ya mlango. Na mamlaka ya mapato inaitwa Revenue Authority kwa kuwa revenue ni re- na ven-, kuja: kile kinachorudi. Ven- hiyo itakupeleka kwenye convention, intervene na prevent.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kosa kubwa ni kujumlisha vipande na kuamini jumla. Mzizi unakupa dokezo, sentensi ndiyo inayohukumu. Prevent kwa vipande ni kuja kabla. Maana ya leo ni kuzuia, kwa sababu anayefika kabla ya jambo anaweza kulizuia. Ukishaijua maana, mantiki inaonekana, lakini kutoka kwenye vipande pekee usingeipata. Manufacture kwa vipande ni kutengeneza kwa mkono, na siku hizi ni kazi ya mashine. Nice imetoka nescius, asiyejua kitu, na hakuna anayemaanisha hivyo leo. Kwa hiyo utaratibu uwe hivi: gawanya neno, kisia maana, soma sentensi nzima, kisha ndipo ufungue kamusi. Anayefungua kamusi kwanza hajifunzi kukisia, na anayekisia bila kufungua kamusi anajifunza uongo.

Kosa la pili ni in-. Ina kazi mbili zisizohusiana, kukanusha na kuingia ndani, na kuna mahali kuzichanganya ni hatari. Neno inflammable kwenye tangi la mafuta linamaanisha linawaka kwa urahisi, sawa kabisa na flammable. In- hapo ni ile ya ndani, ya kushika moto. Anayedhani ni ya kukanusha anaweza kusimama karibu na sigara. Invaluable nayo haimaanishi kisicho na thamani. In- yake ni ya kukanusha kweli, ila kinachokanushwa ni uwezekano wa kupima: ni kitu cha thamani isiyokadirika.

La tatu ni mizizi inayofanana sura. Ped ya Kilatini ni mguu, kama katika pedestrian na pedal. Ped ya Kigiriki ni mtoto, kama katika pediatrics, wodi ya watoto. Terr ni ardhi katika territory, lakini terror imetoka kitenzi kingine, kutisha. Port ya export ni kubeba, ila port ya bandari ni portus, neno jingine. Kwa mji wa bandari kama Dar es Salaam, portus inafaa kukumbukwa kwa ajili ya opportunity: ilianza kama sifa ya upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini. Kadi za mizizi inayofanana zisijifunzwe wiki moja. Ziachanishe kwa wiki tatu au nne, la sivyo zitaambukizana.

Kuna pia kuona mzizi pasipokuwa na mzizi. Re ya ready na ya red si kiambishi. Man ya manhole si mkono. Mis- ya misunderstand ni ya Kijerumani, haina undugu na miss ya mission. Kipimo cha haraka: ondoa kiambishi, na ulizia kama kilichobaki kinaonekana kwenye angalau maneno mengine mawili yenye maana inayokaribiana. Kisipoonekana, ulikuwa unajitungia.

Na hadithi tamu zichuje. Candidate kweli imetoka candidus, nyeupe, kwa kuwa Warumi walioomba uongozi walivaa nguo nyeupe. Lakini ile ya kwamba askari wa Roma walilipwa magunia ya chumvi, eti ndiyo maana ya salary, haina ushahidi wa kutosha; kilicho wazi ni kwamba neno lina uhusiano na sal, chumvi, basi. Hadithi ikiwa nzuri kupita kiasi, itazame mara mbili kwenye kamusi.

Mkazo

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati nusu. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ya -tion na -sion yanafanya hivyohivyo: inforMAtion, proDUCtion, perMISsion. Ya -ic nayo mengi yanafuata: ecoNOmic, rePUBlic. Politics na arithmetic ni waasi. Bahati inaishia kwenye -ity, ambako mkazo unarudi nyuma silabi moja zaidi: uniVERsity, elecTRIcity. Ukisema univerSIty kwenye usaili, utaeleweka, ila kwa taabu.

Halafu kuna maneno ya silabi mbili yanayobadilika kazi kwa mkazo tu. EXport ni bidhaa, exPORT ni kitendo. Ndivyo yalivyo import, permit, contract, conduct na record. Kwenye kadi, pigia mstari silabi yenye mkazo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mkazo uliozoeleka vibaya ni mgumu kung'oa kuliko maana.

Ratiba

Mizizi mitatu kwa wiki, si zaidi. Kila mmoja na maneno manne, hayo ni 12 kwa wiki, na kwa wiki 12 umepita mizizi 36. Dakika 20 kwa siku zinatosha, na safari ya basi kutoka Mbagala hadi Posta inazidi hapo kwa mbali.

Jumatatu tengeneza kadi tatu. Jumanne zipitie kwa kutazama upande wa mbele tu na kusema maneno manne bila kugeuza. Alhamisi rudia. Jumamosi chukua ukurasa mmoja wa maandishi halisi, gazeti la Kiingereza, mkataba wa pango au maelezo ya dawa, na pigia mstari kila neno lenye mzizi unaoujua. Lengo si kuelewa ukurasa wote. Ukipata maneno matano, wiki imelipa. Kadi uliyoipata bila kusita iweke kwenye bahasha ya kurudia baada ya mwezi. Uliyokwama irudi kwenye bahasha ya wiki ijayo. Kadi iliyokwama mara tatu mfululizo kwa kawaida ina tatizo la maneno: mengi uliyoyachagua hujawahi kukutana nayo popote. Yabadilishe, weka unayoyaona kazini au darasani.

Karatasi ya dawa ni zoezi zuri la Jumamosi kwa sababu nyingine. Madaktari bado wanaandika Kilatini kitupu: bd ni bis die, mara mbili kwa siku, tds ni ter die sumendum, ya kumezwa mara tatu kwa siku, po ni per os, kwa mdomo. Os hiyo ina umbo la or-, na ndiyo iliyozaa oral, iwe dawa ya kunywa au mtihani wa mdomo.

Mwanafunzi wa mchepuo wa sayansi asisubiri wiki 12 ziishe. Baada ya mizizi 20 ya Kilatini aanze kuchanganya na Kigiriki, mmoja kwa kila miwili, kwani Biolojia na Kemia zimeegemea huko: bio, uhai, hydro, maji, photo, mwanga, graph, kuandika, therm, joto, -logy, elimu ya. Kadi za Kigiriki zikatwe kutoka manila ya rangi nyingine. Maneno machache yana mguu huku na huku, kama television, yenye tele ya Kigiriki na vis ya Kilatini, na kadi yake inaweza kukaa kwenye bahasha yoyote kati ya hizo mbili.